Shajara ya Mradi: Vioo vya Laptop za Maabara, Bagamoyo

Jumamosi asubuhi

Laptop ni kumi na moja, zote za inchi 14, zote zimetoka kwenye ofisi moja huko Ulaya baada ya kutumika miaka kadhaa. Fundi aliyezikagua kabla yangu alizibandika karatasi yenye maneno mawili: kioo kibovu. Makadirio aliyoacha yanataka kioo kipya kwa kila mashine. Mkuu wa shule aliyasoma, akafunga faili, laptop zikarudi stoo. Mpaka leo wanafunzi wa kidato cha tatu wanajifunza Excel kwa kuchora majedwali kwenye daftari, na Madam wa kompyuta ndiye aliyenipigia simu.

Madam ameomba kila hatua iandikwe ili abaki na kumbukumbu mashine zitakapoumwa tena. Nami ninaandika kwa moyo wote, maana "kioo kibovu" ni jina moja linalofunika magonjwa mengi, na kioo chenyewe ndicho kipuri ghali kuliko karibu vyote vinavyohusika na picha. Hela ya shule iende palipooza.

Nimezipa mashine herufi kwa tepu ya karatasi, A hadi K.

Kabla ya kushika bisibisi nimewachorea ubaoni vijana wawili wanaonisaidia safari ya picha. Inaanzia kwenye chipu ya michoro, inaingia soketi ndogo kwenye bodi, inapanda na kebo kupitia kwenye bawaba, inafika soketi ya pini 30 nyuma ya kioo, inapita bodi nyembamba iliyo chini ya kioo, ndipo inafika kwenye pikseli. Taa ya kioo nayo inasafiri ndani ya kebo hiyohiyo, ila kwa nyaya zake. Ndiyo maana picha inaweza kuwepo na taa isiwepo, au taa ikawaka bila picha. Ukiijua njia hii, unajua usimame wapi na mita.

Vipimo vya kwanza havihitaji kufungua kitu. Chomeka monita ya nje kwa HDMI: ubovu ukionekana na huko, kioo hakina kosa. Ingia BIOS, menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya mfumo wenyewe, na kaa humo dakika kadhaa: kioo kikitulia BIOS na kucheza ndani ya Ubuntu, mfumo unaoendesha mashine hizi, tafuta kwenye programu. Kioo kikiwa giza, mulika tochi kwa pembeni: ukiona kivuli cha maandishi, picha imefika, kilichokosekana ni taa. Mwisho, fungua na funga kifuniko polepole huku ukitazama.

Kufikia adhuhuri picha imekuwa hivi. A, F na I zinacheza ndani ya Ubuntu tu. B inazimika kioo bila sababu ya kuonekana. C ni giza, lakini tochi inaonyesha nembo. D inapoteza picha kifuniko kikivuka pembe fulani. E ina mistari ya wima. G imepasuka, wino umesambaa kona nzima. H na J zina chembechembe za rangi. K imevurugika hata kwenye monita ya nje.

Kwa hiyo vioo vyenye dalili za kufa kweli ni viwili, E na G.

Jumamosi jioni

Nimeanza na A, F na I kwa sababu zinadai kibodi peke yake. Kioo kinapepesa ukiacha mkono, ukisogeza mausi mfululizo kinatulia. Dalili hiyo inaelekeza moja kwa moja kwenye ule utaratibu wa kuokoa betri ambapo kioo hubaki na nakala ya picha kwenye kumbukumbu yake ili chipu ya michoro ipumzike wakati hakuna kinachobadilika. Kwenye baadhi ya vioo, kurudi kazini hakwendi sawa, ndipo macho yanaona kupepesa. Nimefungua faili la /etc/default/grub, nikaongeza i915.enable_psr=0, inayozima utaratibu huo, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, nikaendesha sudo update-grub, nikawasha upya. Zote tatu zimetulia. Betri itaisha mapema kidogo, jambo ambalo maabara yenye umeme wa ukutani inaweza kulivumilia.

B imetufundisha jambo la mpangilio wa meza. Ilipokuwa juu ya C ilizimika kioo, nikaihamisha, ikawaka. Nikairudisha, ikazimika. Laptop hizi zina sumaku ndani ya fremu ya kioo na kihisi upande wa kibodi, ndivyo mashine inavyojua kwamba imefungwa. Ukiiweka moja juu ya nyingine, sumaku ya iliyo chini humdanganya kihisi wa iliyo juu. B ni nzima kabisa. Stoo walizipanga rundo, na bila shaka ilijaribiwa ikiwa juu ya rundo hilohilo.

K nimeichomoa RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, nikasugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli na kuipangusa kwa spiriti, nikairudisha mpaka ikalia kilio chake cha kukaa. Chipu ya michoro ya mashine hizi haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye RAM, kwa hiyo RAM isiyokaa vizuri hutokea machoni kama kioo kilichovurugika. Picha imesafika. Nimeiacha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha.

Jumapili

K imepita usiku bila kosa hata moja. Nimeitoa tepu.

Leo yote nimeitoa kwa C, na ningependa anayesoma aende nami polepole, kwa sababu mashine ya namna hii ndiyo inayoua hela za watu.

Kwanza umeme. Betri ya ndani lazima ikatwe kabla ya kugusa soketi ya kioo. Mashine hizi zina sehemu kwenye BIOS ya kuizima betri ya ndani, nimeitumia, kisha nikafungua mgongo na kuchomoa soketi ya betri kwa mkono. Ukichomeka kebo ya kioo umeme ukiwepo na kebo ikaingia mshazari, volti 19 za taa zinaweza kugusa pini isiyohusika.

Pembeni mwa soketi ya kioo kwenye bodi kuna fyuzi ndogo kuliko punje ya mchele, imeandikwa herufi moja. Nimeweka mita kwenye mlio, ambapo hulia njia ikiwa haijakatika, ncha huku na ncha kule: kimya. Nimerudisha umeme kwa muda na kupima volti: upande mmoja 19 na kitu, upande wa pili sifuri. Fyuzi imekatika. Hapo picha imeeleweka kwa nini tochi ilionyesha nembo. Umeme wa 3.3 unaoendesha mantiki ya kioo una njia yake, na ulikuwa unafika. Umeme wa taa ndio uliokatwa mlangoni.

Kijana wa kidato cha tatu akauliza, "Fundi, si tuunganishe na waya tu?" Ni swali la haki na nimemjibu kwa mita badala ya maneno. Fyuzi mara nyingi haikatiki kwa uzee, kuna kitu huikata. Tumechomoa kebo upande wa kioo ili tubaki na kebo peke yake, nikaweka ncha moja ya mita upande uliokufa wa fyuzi na nyingine kwenye chuma cha bodi.

"Fungua kifuniko taratibu, dogo. Taratibu zaidi."

Kifuniko kikiwa kimefungwa, mita kimya. Kikiwa nusu, kimya. Kilipofika pale ambapo mtu hukiweka akikaa kuandika, mita ikalia. Akakirudisha, ikanyamaza. Akakifungua, ikalia tena. Yule kijana alicheka kwa furaha, akamwita mwenzake aje asikie.

Nimeondoa kifuniko cha bawaba ya kushoto. Kebo ya kioo imevikwa kitambaa cha fedha, na pale inapojikunja kitambaa kimelika kwa upana wa ukucha. Ndani yake nyaya mbili zimechubuka ngozi ya plastiki, shaba ikiwa wazi, na kwenye ukingo wa bawaba kuna nukta nyeusi ya kuungua. Hapo ndipo volti 19 zilipokuwa zinagusa chuma. Zilipogusa, fyuzi ikafanya kazi yake, na tangu siku hiyo kioo kikawa giza kwa pembe zote, hata ile isiyo na shoti.

Fikiria kingetokea nini kwa kioo kipya. Kingefungwa, kingebaki giza vilevile, na mteja angeambiwa bodi nayo imekufa. Na kama fyuzi ingerukwa kwa waya, umeme ungetafuta sehemu nyingine dhaifu ya kuungua, na mara nyingi sehemu hiyo ni njia ya shaba ndani ya bodi.

D nimeifungua jioni. Kebo imechoka palepale, kwenye bawaba ya kushoto, ila zilizokatika ni nyaya za picha, fyuzi ni nzima. Kwa hiyo nahitaji kebo mbili na fyuzi moja.

Jumatatu, Kariakoo

Nimeshuka mjini na kebo zote mbili mbovu mfukoni. Kununua kipuri kwa jina la laptop peke yake ni kubahatisha, kwani mashine ya jina moja hutoka kiwandani na vioo tofauti.

Duka la kwanza, Mtaa wa Aggrey, muuzaji alinitolea kebo mpya iliyofanana na yangu kwa urefu, umbo na soketi.

"Hii ndiyo yenyewe, bosi. Inaingia."

"Naomba tochi, kaka. Nataka kuona midomo ya pini."

Kwenye soketi hii ya pini 30 kila pini ina kazi ya kudumu. Pini 3 na 4 hubeba njia ya pili ya data, 6 na 7 njia ya kwanza. 12 na 13 ni volti 3.3 za kioo. 17 ndiyo kioo kinavyoiambia bodi kwamba kipo. 22 inaruhusu taa, 23 inapanga ukali wa mwanga, na 26 hadi 29 zinaleta umeme wa taa. Nikamulika: 3 na 4 hazina waya, matundu ni meupe.

Nikamwonyesha. Kebo hiyo ni ya kioo cha 1366×768, ambacho njia moja ya data inakitosha. Vioo vyetu ni 1920×1080. Kwa picha 60 kwa sekunde na rangi za biti 24, vinadai kama gigabiti 3.3 kila sekunde. Njia moja ya gigabiti 2.7 hubeba data halisi 2.16 tu, kwa sababu katika kila biti kumi zinazosafiri, nane ndizo data. Ukifunga kebo hiyo, soketi itaingia vizuri na taa itawaka, halafu utakaa ukisubiri picha isiyokuja.

Muuzaji alisikiliza kwa makini, akaichukua kebo na kuangalia mwenyewe, kisha akamtuma kijana wake duka la jirani. Zimerudi mbili zenye pini zote, zimetolewa kwenye mashine zilizokufa bodi, bawaba zake hazijachezewa sana. Nimezipima pini kwa pini juu ya kaunta, nikilipinda lile kunjo la bawaba mbele na nyuma. Mita haikukatika. Amenipa na bodi mfu bila malipo, yenye fyuzi kama yetu. Biashara ya namna hii inanitia moyo.

Jumatano

Fyuzi imehama kutoka bodi mfu kwenda C. Nimezungushia tepu ya kuzuia joto, nikaweka flaksi, ule utomvu unaosaidia risasi kushika, hewa moto kidogo, ikashika. Kabla ya kuwasha nimepima tena kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye chuma, kebo mpya ikiwa imefungwa, kijana akifungua na kufunga kifuniko. Kimya pembe zote.

Kazi ya kebo iko kwenye kuipitisha kuliko kuichomeka. Pale kwenye bawaba lazima ibaki na ulegevu wa kutosha kujizungusha. Ukiivuta ikanyooka, kila ufunguaji unaikamua kwenye chuma, na huo ndio ugonjwa tuliotoka kuutibu. Soketi ya nyuma ya kioo inateleza kwa usawa, ikisukumwa na kucha mbili za mikono miwili, kisha inafunikwa na tepu yake ya wazi. Mwanafunzi ameifunga ya D mwenyewe nikiwa nimekaa pembeni.

C imewaka. Wameipigia makofi darasa la pili lililokuwa linapita dirishani. D nayo inashika picha mpaka kifuniko kilale mezani.

Ijumaa

H na J. Zile chembechembe za rangi huongezeka asubuhi na kupungua mashine ikipata moto, jambo lililonifanya nishuku unyevu. Stoo ya shule ina dirisha linalotazama baharini na kioo chake cha dirisha kimoja kimevunjika. Nimefungua soketi ya nyuma ya kioo cha H nikaikuta na ukungu wa kijani kwenye pini za kati, zile za data na za mawasiliano. J ina ukungu huo upande wa bodi.

Brashi laini, spiriti ya asilimia 99, pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, subiri ikauke yote. Pini mbili za H zilikuwa zimeanza kulika, bado zina shaba ya kutosha. Nimewasha, nikajaza kioo nyekundu, kijani, buluu, nyeupe na nyeusi moja baada ya nyingine, kila rangi nikiitazama kona kwa kona. Safi. Kwa wenye laptop za Dell, jaribio hili mara nyingi lipo tayari ndani ya mashine: shika herufi D kisha bonyeza kitufe cha kuwasha, kioo kitapita rangi hizo chenyewe bila kutegemea Windows wala Ubuntu.

Madam ameshazungumza na seremala kuhusu lile dirisha.

Jumatatu iliyofuata

Zimebaki E na G. G haina mjadala, kioo kimepasuka. E nimeipa kila nafasi kabla ya kuihukumu. Mistari yake mitatu ya wima ipo tangu nembo ya kwanza, ipo BIOS, haipo kwenye monita ya nje. Nimebadilisha kebo na ya D kwa muda, mistari ikabaki. Nimebonyeza ukingo wa chini wa fremu kwa kidole gumba, taratibu, nikisogea kutoka kushoto: nilipofika chini ya mistari, miwili ikapotea, nilipoachia ikarudi. Pale chini ndipo vipande vya filamu vyenye chipu ndogo vinapogandishwa kwenye kioo, na gundi ya kupitisha umeme inapoachia, safu za pikseli hupoteza amri. Kuna wanaokunja karatasi na kuikandamiza hapo. Hushika wiki, pengine mwezi, kisha mistari huongezeka na kioo hupata doa la mkandamizo. Siwezi kuikabidhi shule kazi hiyo. Mashine ya kugandisha upya filamu hizo ipo kwa mafundi wa televisheni, lakini kwa kioo kidogo cha bei hii gharama haiendani.

Kwa hela iliyopo tumenunua kioo kimoja, cha G, kwa sababu vipande vyake vinaweza kumkata mtoto. Lebo ya nyuma ya kioo cha zamani inaanza na LP140, yaani LG Display, inchi 14.0. Kilichopatikana ni NV140, cha BOE, na kampuni tofauti si tatizo kama mengine yanalingana. Nimelinganisha vitu kwa mfuatano huu: pini 30 na siyo 40 za vioo vya kugusa, ukubwa wa picha uleule, masikio ya skrubu mahali palepale, soketi upande uleule chini, na unene usiozidi. Nimekijaribu dukani kwa rangi tano kabla ya kulipa.

Kimeingia bila kulazimishwa. Ubuntu imekitambua mara moja, maana kila kioo kina hati yake ndogo ya utambulisho ndani, na ukisoma faili la edid ndani ya /sys/class/drm unakuta herufi BOE.

Jumanne, makabidhiano

Mashine kumi zimepangwa mezani, hakuna iliyo juu ya nyingine. Kila moja ina karatasi chini yake yenye ugonjwa uliopatikana, kilichofanyika na tarehe, kwa mwandiko wa wanafunzi wawili walioshika mita. Tumewaonyesha darasa zima kufungua kifuniko kwa kushika katikati juu, maana ukivuta kona moja bawaba moja inabeba mzigo wote pamoja na kebo iliyo ndani yake.

E tumeiondoa kioo chake. Kebo yake, ambayo ni nzima, imefungwa kwenye bahasha yenye jina, akiba ya yeyote kati ya hizi kumi. Bodi yake haina tatizo, kwa hiyo imewekwa kwenye meza ya mwalimu, HDMI ikienda kwenye projekta. Madam ameiwasha, ameondoa kofia ya lenzi, na saa nne kamili ameanza somo la Excel, sura ya fomula.